Kazi ya Ngozi kwa Wastaafu: Burudani ya Mikono Isiyohitaji Mtaji Mkubwa

Parokia zetu nyingi zina mipango ya vijana, ya akina mama, ya watoto yatima na ya vikundi vya kuweka na kukopa. Lakini kamati chache zimewahi kukaa na kujiuliza: yule mwalimu, muuguzi au karani aliyestaafu mwaka jana anafanya nini siku ya Jumanne saa nne asubuhi? Katika makala hii tunaeleza burudani moja ya mikono ambayo mstaafu anaweza kujifunza bila mtaji mkubwa, nayo ni kazi ya ngozi: kukata, kutoboa na kushona kwa mkono vitu kama mikanda, pochi, makubazi na majalada ya vitabu. Tunaeleza pia kamati na wafadhili wanaweza kusaidia kwa namna gani, na ni wapi msaada wao unaweza kugeuka kuwa mzigo.

Kustaafu si kupumzika tu

Kwa watumishi wengi wa umma nchini Tanzania, umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliwatambua wazee kuanzia miaka 60. Maana yake ni kwamba mtu huamka asubuhi moja akiwa na nguvu zake, akili timamu na ujuzi wa miaka 30, lakini hana mahali pa kwenda. Mazungumzo ya kustaafu huwa juu ya fedha: kiinua mgongo, pensheni, kumalizia nyumba, kununua bodaboda ya kukodisha. Saa za mchana hazizungumzwi.

Matokeo yake tunayaona. Wengine hukaa barazani wakisubiri habari ya saa mbili usiku. Wengine huhamia kilabuni. Wengine huingiza fedha zote katika biashara wasiyoijua kwa sababu tu hawawezi kukaa bure, na baada ya miaka miwili hawana fedha wala biashara. Wengine wanaendelea kwenda ofisini kusalimia, hadi pale wanapogundua kwamba vijana waliopo hawawafahamu tena.

Tukumbuke vilevile kwamba wazee wengi wa vijijini hawakuajiriwa kamwe na hawana pensheni. Mkulima hastaafu kwa barua. Hustaafu pale mgongo unapokataa jembe. Huyu naye ana mikono inayojua kazi. Kwa hiyo tunaposema mstaafu katika makala hii, tunawahesabu wote wawili.

Kwa nini ngozi?

Zipo burudani nyingi za mikono: kufuma, kusuka ukili, useremala, bustani. Ngozi ina mambo manne yanayoifaa hasa jioni ya maisha.

Kwanza, hufanyika ukiwa umekaa, kivulini, kwenye meza ndogo. Haihitaji umeme wala mashine. Pili, huvumilia kuachwa. Mkanda ulioanza kushonwa Jumatatu unaweza kusubiri hadi Alhamisi bila kuharibika, tofauti na maziwa au mboga. Tatu, kila kitu kinachotengenezwa kina matumizi, na babu anayemkabidhi mjukuu mkanda wa shule alioushona mwenyewe ametoa kitu kitakachovaliwa kila siku. Nne, Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ukiacha mbuzi na kondoo, na hata hivyo mikanda na viatu vingi tunavyovaa ni vya plastiki au ngozi bandia kutoka nje. Ni vema angalau tuifahamu mali iliyo mikononi mwetu.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba katika Matendo ya Mitume Petro alikaa Yafa siku nyingi nyumbani kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya bahari. Ni kazi ya zamani, na tangu zamani imedharauliwa kwa sababu ya harufu na uchafu wa ngozi mbichi. Habari njema ni kwamba mwanafunzi wetu hatagusa ngozi mbichi kabisa, kama tutakavyoeleza.

Ijue ngozi kabla ya kununua

Ngozi mbichi ikiachwa huoza. Ikikaushwa tu juani inakuwa ngumu kama ubao. Ili iwe laini na idumu, husindikwa kwa dawa zinazoungana na nyuzinyuzi zake na kuzuia uozo. Njia kuu ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya magome ya miti. Magome yana tanini, dawa ile ile inayofanya chai ya rangi kali ikaushe ulimi. Hapa nchini mti unaojulikana zaidi kwa kazi hii ni muwati, ulioletwa kutoka Australia na kupandwa kwa wingi Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949. Ngozi ya magome huchukua wiki nyingi kusindikwa. Inakuwa na rangi ya kahawia, imara, hushika umbo ikilowanishwa na kukandamizwa, na kingo zake zinasuguliwa hadi zinang'aa.

Njia ya pili ni ya kromu, iliyoenea duniani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hii huchukua siku chache tu. Ngozi yake ni laini, hustahimili maji zaidi, na hutumika kwenye viatu vingi vya dukani, mikoba na makochi. Haishiki umbo vizuri, na kingo zake hazisuguliki zikang'aa.

Utazitambuaje? Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya magome huwa ya kahawia hadi ndani; ngozi ya kromu mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu au samawati katikati. Dondoshea tone la maji: ngozi ya magome isiyopakwa rangi hunyonya tone na kuacha alama nyeusi, ambayo hufifia inapokauka. Ngozi bandia nayo huitambua ukigeuza upande wa nyuma: mara nyingi utaona kitambaa au nyuzi zilizofumwa, wakati ngozi ya kweli ina manyoya laini yasiyo na mpangilio.

Ngozi huuzwa kwa futi za mraba, na unene wake hupimwa kwa milimita. Kwa pochi, milimita 1 hadi 1.5 inatosha. Kwa mkanda, milimita 3 hadi 4. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba na imara, inafaa kwa pochi na majalada, lakini ni ndogo, mara nyingi haifiki futi 6 za mraba. Ngozi ya ng'ombe si sawa pote: sehemu ya mgongoni ndiyo imara na hainyumbuki ovyo, sehemu ya tumbo hulegea na kuvutika. Ukikata mkanda kwenye tumbo, baada ya miezi michache utakuwa mrefu kuliko ulivyoukata.

Mnunuzi achunguze pia kasoro. Ngozi zetu nyingi hupoteza thamani kwa alama za chuma cha moto, makovu ya kupe na miiba, na zaidi ya yote mikato ya kisu cha mchunaji machinjioni. Lakini kwa mwanafunzi kasoro si hasara. Ngozi yenye kovu hununuliwa kwa bei ndogo, na katika kukata vipande vidogo kovu hukwepwa. Vilevile mafundi viatu na watengeneza makochi huwa na vipande vilivyobaki, na kwa miezi mitatu ya kwanza mwanafunzi hahitaji zaidi ya hivyo.

Vifaa vya kuanzia

Mchagua jembe si mkulima. Mtu anaweza kutumia fedha nyingi kwa vifaa na asishone hata pochi moja. Vifaa vya lazima ni hivi:

1. Kisu kikali. Mafundi wengi hujitengenezea kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa na kuviringishwa kitambaa au mpira kwenye mpini. Kiambatane na kinoo, kwa sababu kisu butu hukulazimisha kukandamiza, na ukikandamiza ndipo kinapoteleza na kukukata.
2. Rula ya chuma, si ya plastiki wala ya mbao, kwa kuwa kisu huila.
3. Ubao wa kukatia.
4. Msharasi, yaani ule uma wa fundi viatu wa kutobolea ngozi.
5. Sindano nene mbili zenye ncha butu. Ncha haihitaji kuwa kali kwa sababu tundu limekwisha tobolewa.
6. Uzi imara wa nailoni au wa kitani, na kipande cha nta ya nyuki. Uzi hupitishwa kwenye nta mara mbili au tatu ili uteleze, usifumuke, na ushike mshono.
7. Nyundo ndogo, kitobolea mviringo kwa ajili ya matundu ya mkanda, na msasa laini.
8. Kibano cha mbao: mbao mbili ndefu zilizounganishwa chini, zinazoshikwa katikati ya magoti na kubana kazi wakati mikono yote miwili inashona. Seremala yeyote wa mtaani ataitengeneza kwa muda mfupi.

Kwa kupima matundu yawe na nafasi sawa, uma wa mezani unatosha kuanzia. Chora mstari umbali wa milimita 4 hivi kutoka ukingoni, weka meno ya uma juu ya mstari, bonyeza, sogeza jino la kwanza hadi kwenye alama ya mwisho, bonyeza tena. Utapata alama zilizo sawa hadi mwisho.

Mshono wa sindano mbili

Ujuzi mkubwa wa kazi hii ni mmoja: mshono wa sindano mbili. Mtu akiujua huu, mengine yote ni kupima na kukata.

Kata uzi wenye urefu mara nne ya mshono unaotaka kushona. Tunga sindano kila upande, moja mwanzo wa uzi na moja mwisho. Pitisha sindano ya kwanza kwenye tundu la kwanza na uvute hadi nusu ya uzi iwe upande huu na nusu upande ule. Katika tundu la pili, pitisha sindano ya kushoto kwanza, kisha ya kulia kwenye tundu lile lile ikitokea upande wa pili. Angalia sindano ya pili isichome uzi wa kwanza. Kisha vuta nyuzi zote mbili kwa pamoja, kwa nguvu iliyo sawa. Endelea tundu kwa tundu, kila mara ukianza na sindano ya upande ule ule. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu mawili au matatu, kata uzi, na kama ni wa nailoni yeyusha ncha kidogo kwa kiberiti.

Kwa nini tusitumie cherehani? Katika mshono wa cherehani, uzi wa juu na wa chini hukutana na kushikana katikati ya kitambaa. Mmoja ukikatika, mshono hulegea na kuendelea kufumuka. Katika mshono wa sindano mbili, kila tundu lina nyuzi mbili zinazopishana. Uzi ukikatika mahali pamoja, sehemu nyingine hubaki. Ndiyo maana watengenezaji wa hatamu na matandiko ya farasi wameutegemea mshono huu kwa muda mrefu sana.

Mshono huu una faida nyingine kwa mzee. Mikono yote miwili hufanya kazi kwa kupokezana, macho hufuata, na akili huhesabu. Baada ya nusu saa mtu hugundua kwamba hakuwaza jambo lingine lolote. Na kwa kuwa mdomo uko huru, mazungumzo huendelea.

Kuanza kidogo, kupanda taratibu

Tunapendekeza mpangilio ufuatao kwa kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki kwa saa mbili. Usiharakishwe. Haba na haba hujaza kibaba.

Wiki ya 1 na ya 2: kukata tu. Kukata mistari iliyonyooka kwenye vipande visivyo na thamani, kwa kupitisha kisu mara tatu au nne kidogo kidogo badala ya mara moja kwa nguvu. Mwisho wa wiki ya pili kila mmoja akate alama ya kitabu.

Wiki ya 3 na ya 4: kishikio cha funguo. Vipande viwili vidogo, mshono mmoja mfupi. Wengi watavuta upande mmoja kuliko mwingine, na mshono utakaa upande. Afumue na kurudia.

Wiki ya 5 na ya 6: kifuko cha miwani. Kipande kimoja kilichokunjwa na kushonwa pande mbili. Hapa mtu hujifunza kutengeneza kielelezo cha karatasi ngumu kwanza na kukijaribu na miwani yake kabla ya kugusa ngozi. Karatasi ikikosewa haigharimu kitu.

Wiki ya 7 na ya 8: mkanda. Upimaji ndio jambo kubwa. Usipime kiuno, chukua mkanda anaouvaa mtu, pima kutoka pale unapokunjwa kwenye bizimu hadi kwenye tundu analotumia. Hilo ndilo litakuwa tundu la katikati. Toboa matundu mawili kabla na mawili baada yake, kila moja umbali wa sentimita 2.5, kisha acha sentimita 10 hadi 15 za ncha. Usisahau kuongeza sehemu ya kukunjia bizimu.

Wiki ya 9 hadi ya 12: makubazi, au jalada la Biblia na kitabu cha nyimbo. Makubazi yanahitaji kuchora mguu ukiwa umesimama, kwa sababu mguu hupanuka ukibeba uzito. Gidamu lazima lipite katikati ya kidole gumba na cha pili pale hasa mguu wa mvaaji unapotaka, wala si pale kielelezo kinaposema. Soli inaweza kuwa ya tairi, kama mafundi wetu wanavyofanya kila siku.

Kwa ngozi ya magome, ukingo hukamilishwa hivi: upige msasa, uloweshe kidogo, kisha usugue kwa nguvu na kipande cha mti laini au pembe hadi ung'ae. Kazi hii ya mwisho huchukua muda na haina haraka, na ndiyo inayotofautisha kazi iliyomalizwa na iliyoachwa njiani.

Nani atafundisha?

Hapa ndipo kamati nyingi zitafikiria kumleta mtaalamu kutoka mbali. Wataalamu wapo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam hufundisha teknolojia ya ngozi katika kampasi yake ya Mwanza, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, imekuwa ikitoa mafunzo ya ufundi mdogo mikoani. Kamati iliyo karibu nao iende ikaulize.

Lakini mwalimu wa kwanza yuko karibu zaidi. Ni yule kijana fundi viatu anayekaa chini ya mwembe karibu na kituo cha basi. Anajua kunoa kisu, anajua uzi upi unakatika, anajua ngozi inauzwa wapi na kwa bei gani. Kinachohitajika ni kumwalika kwa heshima na kumlipa kwa saa zake, kwa kuwa saa hizo angekuwa anahudumia wateja.

Jambo hili linagusa heshima, na tuliseme wazi. Katika jamii zetu kazi ya ngozi na viatu imetazamwa kama kazi ya aliyekosa kazi. Mkuu wa shule mstaafu kuketi mbele ya kijana ambaye huenda hakumaliza darasa la saba, na kuambiwa, "Mwalimu, shikamoo. Hapo umekosea, fumua," si jambo dogo. Mzee lazima aitikie marahaba na afumue. Anayeweza kufanya hivyo amepata zaidi ya ufundi. Na kijana naye, aliyezoea kutupiwa kiatu bila salamu, huanza kuitwa "fundi" na watu ambao wilaya nzima inawaheshimu. Kamati isiyachukulie haya kama manufaa ya pembeni. Katika parokia ambayo wazee wanalalamika kwamba vijana hawawasikilizi, hapa kuna meza moja ambapo wazee wanawasikiliza vijana.

Akina mama wasiachwe nyuma. Bibi aliyeshona vitambaa na kusuka mikeka maisha yake yote tayari ana nusu ya ujuzi huu vidoleni.

Afya na usalama

Mwalimu na kamati wazingatie yafuatayo:

Macho. Baada ya miaka 45 hivi macho ya wengi hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Hali hii hurekebishwa kwa miwani ya kusomea. Mtu akisema "mimi siwezi kushona," mara nyingi anachoshindwa ni kuona tundu. Kaeni karibu na dirisha au nje kivulini.

Mikono. Wenye baridi yabisi waanze na ngozi nyembamba, wapumzike kila baada ya dakika 20, na matundu makubwa watobolewe na mwenye nguvu.

Kisukari. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia vidoleni, akajichoma bila kujua, na kidonda kikachelewa kupona. Akague mikono yake baada ya kazi. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo mezani kila siku.

Gundi. Gundi ya viatu ina mvuke unaoumiza kichwa na kudhuru mwili. Itumike nje au penye hewa, kopo lifunikwe mara moja, na lihifadhiwe mbali na moto na watoto.

Vipande vya ngozi. Visichomwe moto wala kutumika kama kuni. Ngozi ya kromu ikichomwa, moshi na majivu yake huweza kuwa na sumu.

Ngozi mbichi. Kikundi kisisindike ngozi chenyewe. Maji ya kusindikia huchafua visima na mito, na zaidi ya hapo kuna kimeta. Ugonjwa huu wa mifugo humpata binadamu kwa kugusa ngozi, manyoya au nyama ya mnyama aliyekufa nao, na vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na ngozi kavu kwa miaka mingi. Mnyama aliyekufa ghafla asichunwe. Ataarifiwe ofisa mifugo. Nunueni ngozi iliyokwisha sindikwa kiwandani.

Utunzaji. Katika maeneo ya pwani na kwenye unyevu mwingi ngozi huota ukungu. Isifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Itundikwe penye hewa, mbali na jua kali.

Burudani au mradi?

Tunafika kwenye swali ambalo kamati na wafadhili watauliza mapema: je, kikundi hiki kitaingiza kiasi gani?

Jibu letu ni kwamba katika mwaka wa kwanza kisitarajiwe kuingiza chochote. Mkanda wa mkono unaomchukua mzee siku tatu hauwezi kushindana kwa bei na mkanda wa plastiki unaouzwa sokoni. Ukiweka thamani ya siku hizo tatu, hesabu haifungi. Kama tukianzisha kikundi hiki kwa andiko la mradi lenye malengo ya mauzo, tutakuwa tumemrudishia mstaafu mambo mawili aliyokwisha kuachana nayo: bosi na taarifa ya robo mwaka. Baya zaidi, atashawishika kuchukua fedha za kiinua mgongo au mkopo wa kikundi kununua mashine na ngozi nyingi, akitegemea soko ambalo halipo.

Wapo watakaouza, na hilo ni jema. Kipato kidogo cha kununulia chumvi na dawa hakidharauliwi, hasa kwa mzee asiye na pensheni. Lakini kiwe tunda, kisiwe mzizi. Anayetaka kufanya biashara kamili aelekezwe SIDO au VETA, akajifunze kwa kiwango cha biashara na kwa fedha anayoweza kuipoteza bila kulala njaa.

Kwa hiyo mafanikio yapimwe kwa maswali mengine. Je, waliokuja wiki ya kwanza bado wanakuja wiki ya 12? Asiyefika, kuna aliyemtembelea kujua kama ni mgonjwa? Je, kuna mjane au mgane ambaye hakuwa anatoka nyumbani, na sasa anatoka? Je, kuna mzee aliyemfundisha mjukuu? Maswali haya hayana safu kwenye jedwali la taarifa, lakini katibu anaweza kuyajibu kwa nusu ukurasa.

Mambo ya kufanya

Kwa kamati za parokia:

- Anzeni na watu wasiozidi 8. Meza moja, mwalimu mmoja.
- Chagueni mahali penye mwanga na choo kilicho karibu. Ukumbi usiotumika siku za kazi unatosha.
- Wekeni siku na saa isiyobadilika. Mstaafu anahitaji kuwa na siku ya kutarajia.
- Kubalianeni malipo ya fundi mapema na yalipwe kila wiki. Msimwombe ajitolee kwa kuwa ni kazi ya kanisa.
- Vifaa viwe vya kikundi, viandikwe kwenye daftari, vifungiwe sandukuni.
- Milango iwe wazi kwa jirani yeyote mzee, wa dhehebu lolote na wa dini yoyote.

Kwa wafadhili na wahisani:

- Msaada unaofaa zaidi ni mdogo na wa kurudiwa: malipo ya fundi kwa miezi mitatu, sanduku moja la vifaa, miwani ya kusomea, na ngozi kidogo kila robo mwaka.
- Msianze na mashine ya kushonea ngozi. Huhitaji fundi wa kuitengeneza, vipuri na umeme, na hugeuza kikundi cha watu 8 kuwa mtu mmoja anayeshona na saba wanaotazama.
- Vifaa vinunuliwe hapa nchini, kwa mafundi wetu, ili kikivunjika kimoja kipatikane kingine.
- Msitake bidhaa za zawadi kwa ajili ya ofisi zenu kabla kikundi hakijafikisha mwaka. Oda kubwa ya mapema huwaelemea wazee.

Kamati itakayopenda kuanza isisubiri fedha. Nendeni kwanza kwa fundi viatu wa mtaa wenu, mumsalimie, mumuulize kama ana saa mbili kwa wiki. Kisha mwende kwa wastaafu watatu mnaowafahamu, mkawaulize swali tuliloanza nalo: Jumanne saa nne asubuhi unafanya nini? Mkipata majibu ya pande hizo mbili, kikundi kimekwisha kuzaliwa, na vipande vya ngozi vya wiki ya kwanza viko chini ya meza ya fundi.